Maji ya Kumwagilia Mti wa Waziri

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani wote. Mimi mzima, ila mikono. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila nikipiga simu unasema, "Mama, niko kikaoni, nitakupigia," na hunipigii. Barua haijui kikao. Utaisoma hadi mwisho, upende usipende.

Mto wetu umeharibika. Sisemi matope ya masika, hayo tumeyazoea. Tangu kile kiwanda cha ngozi kiongeze mashine, bomba lao la nyuma linatapika maji meusi yenye harufu ya mzoga, na bustani yangu iko chini yao kidogo tu. Nyanya zimekauka zikiwa na maua. Vitunguu vimeoza ardhini. Mimi na ukaidi wangu nikaendelea kumwagilia, sasa mikono imetoka malengelenge mpaka viwikoni. Mikono hii imepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, mwanangu. Jana nilitaka kumbeba mjukuu wa jirani, mama yake akamvuta.

Nilipostaafu ukunga sikutaka kukaa kibarazani nikisubiri mnitumie chochote. Bustani ile ndiyo inayoniamsha asubuhi. Ikifa sijui nitaamkia nini.

Na unajua wananiitaje siku hizi? Mama Waziri! "Mama Waziri, binti yako si yuko ofisi ya Waziri wa Mazingira? Mwambie afunge bomba basi." Mwanzoni nilijivuna, sikufichi. Sasa wananicheka waziwazi. Kweli penye miti hapana wajenzi. Mwambie bosi wako aje aone kwa macho yake.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, uchovu tu. Pole sana na mikono. Tafadhali usiguse tena maji hayo, na uende zahanati. Usijitibu mwenyewe, nakujua.

Mama, wewe unadhani Waziri wa Mazingira ana rungu. Ngoja nikueleze nilipo. Tuna mhudumu mkongwe anayebeba majalada, tunamwita Babu Faili, yuko hapa tangu siku ya kwanza. Anasema ofisi hii ilianza kama meza moja pembeni ya idara ya misitu. Ikahamishiwa utalii. Ikapelekwa ardhi. Ikapandishwa mpaka ofisi ya makamu wa rais, ikateremshwa tena. Kila ikihama inahama na meza zilezile, na kibao cha mlangoni kinapakwa rangi juu ya rangi. Kimenenepa, maandishi hayasomeki vizuri.

Waziri wa kwanza alikuwa na buti za mpira. Alikwenda mtoni mwenyewe, akafunga kiwanda, na mwezi haukuisha akaondolewa. Baada yake sheria ikarekebishwa. Sasa waziri "atashauri". Anatia saini vyeti vya mazingira, anahutubia, anapanda miti. Kufunga kiwanda ni mpaka wizara ya viwanda ikubali, na hao wakubali nini? Zile buti ziko stoo mpaka leo. Babu Faili anazifuta vumbi, sijui anamngojea nani.

Na hiyo miti sasa! Kila waziri mpya lazima apande mti uani. Lakini uani kuna mahali pamoja tu penye mwanga mzuri wa picha, kwa hiyo mti wa aliyetangulia unang'olewa kuupisha wa mpya. Halafu tunatoka nje kuwaambia wananchi wasikate miti.

Hata hivyo sijakata tamaa. Bosi wa sasa tunamwita Kofia, maana haivui hata akiwa ndani ya lifti. Anapenda ziara kuliko chakula. Mimi kazi yangu ni kuandaa ziara zake, na nimeuingiza mto wetu kwenye ratiba. Niombee ipite.

Mwanao

5 Machi

Kitinda mimba,

Hujambo? Mimi leo sijambo kabisa! Mwenyekiti wa mtaa amenijia mwenyewe kuniambia Waziri anakuja mwishoni mwa mwezi. Nimempita yule muuza mkaa aliyekuwa ananicheka, nikamsalimia kwa madaha. Nimezaa, jamani!

Nimewaambia kina mama wote tutasimama ukingoni pale bomba linapomwagia. Hatutaimba wala hatutacheza. Tutasimama tu, aone.

Mama Waziri (niite hivyo na wewe leo, ruksa)

29 Machi

Wewe,

Salamu sina. Mikono inauma, moyo unauma zaidi.

Siku tatu kabla ya huyo Kofia wako kufika, bomba likakauka kama halijawahi kutoa tone. Wafanyakazi wakapewa likizo. Lango likapakwa rangi, changarawe ikamwagwa ukingoni, mpaka maua ya kwenye makopo wakayapanga. Siku ya ziara maji yalikuwa meupe, nikiingiza vidole naviona. Kofia akachota kwa kiganja, akanawa uso mbele ya kamera, akasema, "Huu ndio mfano wa kuigwa." Akamkabidhi meneja cheti, wakapigiana makofi.

Nikapenya kwenye watu, nikainua mikono yangu. Nikamwambia mheshimiwa, tazama. Akatazama. Akasema, "Mama, jitahidini usafi."

Mimi! Mkunga! Maisha yangu yote nimewapigia watu kelele wanawe mikono, leo naambiwa mimi usafi! Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, na wanawe wote wawili nimewapokea mimi kwa mikono hiihii.

Magari yenu hayajavuka daraja, bomba likaanza tena, na safari hii kwa fujo, kama linafidia siku lilizopumzika. Miche yangu mipya niliyokuwa nimeipanda kwa furaha ya ziara yenu imeungua yote.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Nani aliwaambia siku? Ulikuwa kwenye msafara, nilikuona umesimama na kalamu yako nyuma ya Kofia. Hukunitazama machoni. Nijibu.

Mama yako

17 Aprili

Shikamoo mama,

Najua huwezi kuniitikia. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Niliwaambia mimi. Ndiyo kazi yangu. Utaratibu wetu unasema kila ziara ya Waziri, anayetembelewa apewe taarifa wiki moja kabla, aandae viti, kivuli, maji ya kunywa na mahali pa kuegesha magari. Taarifa hizo naziandika mimi. Ya kiwanda niliiandika kama ninavyoandika zote, hata nikaweka "karibuni mshirikiane nasi". Nilikuwa na furaha kwamba ziara imepita, basi, akili ikaishia hapo. Nilipoona ule mto mweupe ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ningekutazamaje?

Halafu nikafikiria zaidi, mama, na hili linanikosesha raha. Nimeandaa ziara za ukaguzi kwa mawaziri watatu na hatujawahi kukuta kiwanda kichafu. Hata kimoja! Tulikuwa tunarudi ofisini tunapongezana.

Nikaenda kwa mkuu wangu, nikamwomba turudi kwenu bila taarifa. Akanishangaa. "Unataka Waziri aingie kwa watu kama mwizi? Akifika atakaa wapi?" Kweli kabisa, hicho ndicho kilichomsumbua, kiti.

Na sasa hata pa kurudi hapapo. Kofia ameondolewa jana. Idara yetu imeunganishwa na viwanda, na waziri wetu mpya ni yuleyule wa viwanda. Fisi kakabidhiwa bucha. Kibao kimeshapakwa rangi nyingine, mti wa Kofia umeshang'olewa, na wiki ijayo bwana mkubwa atapanda wake. Mimi ndiye niliyepewa kuandaa koleo na maji.

Nisamehe, mama. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Mwanao

20 Aprili

Kitinda mimba,

Barua imefika. Nimeisoma, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Kusamehe tutaongea baadaye.

Aliyekuletea barua hii ni kondakta wa basi. Amekuletea na dumu. Usilifungue ndani ya nyumba. Nimelijaza leo asubuhi palepale alipochota Kofia.

Mnapanda mti, si ndiyo? Mti unataka maji. Mpe waziri wako mpya, mwambie ni salamu kutoka kwa Mama Waziri. Na kama huna ubavu huo, mwaga chooni, tuyaache kabisa mambo ya mto kati yangu na wewe. Nitajua mwanangu ni wa kuandaa viti.

Mama yako

2 Mei

Shikamoo mama,

Dumu nililiweka chini ya meza yangu. Kifuniko hakikufunga sawasawa, wenzangu wakasogeza makabati kutafuta panya aliyekufa. Mpaka asubuhi ya sherehe nilikuwa sijui nitafanya nini. Niliogopa, sitakudanganya. Kodi ya nyumba ninaijua, na watu wanaotafuta kazi ninawaona kila siku getini kwetu.

Asubuhi hiyo mabomba ya wizara yalikuwa makavu, kama kawaida yake. Waziri ameshafika, wapiga picha wamejipanga, mkuu wangu anakuja mbio jasho linamtoka. "Maji ya mti yako wapi wewe?" Nikamtazama. Nikakumbuka "mama, jitahidini usafi". Nikasema, "Ninayo."

Nikayamimina kwenye kopo la kumwagilia, nikampa Waziri kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Alikuwa anatabasamu akitazama kamera, hakuangalia anachomwaga. Yakatoka meusi, yenye povu, yakaruka kwenye viatu vyake. Kisha harufu ikapanda. Mama, watu wazima wenye tai walikimbia! Akatupa kopo chini. "Haya ni maji ya wapi?"

Wote wakanigeukia. Nikajibu, "Ya ule mto wenye cheti, mheshimiwa. Cheti tumekitoa sisi."

Babu Faili peke yake alicheka, akajifanya anakohoa.

Nimesimamishwa kazi. Wanasema nimevuruga shughuli ya kitaifa. Picha zimetoka kwenye magazeti, kwa hiyo wameunda kamati. Nilipoisikia kamati moyo uliruka, nikasema sasa mto utachunguzwa. Wapi! Kamati ni ya kuchunguza dumu. Limetoka wapi, limeingiaje, nani alilijaza. Mti nao umeshakauka, na hawawezi kuung'oa kwa sababu ni kielelezo. Wameuzungushia utepe. Waziri anaupita kila asubuhi akitazama pembeni.

Nimelia, mama, na si kwa ajili ya kazi. Nimelia kwa hasira. Tumewamwagia sumu miguuni, na bado wanauliza chombo.

Wakija, waambie hujui lolote. Nitasema nililijaza mimi.

Mwanao

23 Mei

Mwanangu,

Salamu zangu zote, pamoja na zile nilizokunyima. Mikono inaanza kukauka. Nimeenda zahanati, usinisumbue.

Eti niseme sijui! Toka lini mimi nikaficha nilichokizaa?

Kamati yako imekuja. Jumanne, bila hodi. Mwenyekiti wa mtaa hana habari, kiwandani hawana habari, meneja yuko nyuma anakunywa chai. Nikawauliza, jamani, wageni wakubwa hivi, mbona hamkutuma taarifa? Mmoja wao akajikuna kichwa. "Mama, anayeandika taarifa za ziara amesimamishwa kazi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Walidhani nimeugua.

Wakaniuliza kwa ukali nani alijaza dumu. Nikasema mimi, njooni niwaonyeshe nilipochota. Bomba lilikuwa linatapika vilivyo, siku hiyo lilikuwa na rangi mbili. Mmoja wao mwenye tai aliteleza akaingia mpaka magotini, akatoka macho yakimtoka machozi. Kina mama wakajitokeza mmojammoja kutoka majumbani, wakasimama ukingoni. Hakuna aliyemcheka. Nilimpa sabuni, nikamwambia, "Mwanangu, jitahidi usafi."

Kumbe kwenye kamati walichanganya na mtu wa wizara ya afya, mwanamke mfupi asiyesema sana. Yeye hashauri, yeye anafunga. Alijaza chupa zake, akatazama mikono yangu upande huu na upande huu, na jioni bomba likatiwa lakiri. Maji yamepungua weusi. Harufu bado.

Sijui itadumu mpaka lini. Meneja ameondoka na gari kwenda mjini kwa wakubwa, na mimi si mtoto, najua lakiri inavyokatwa. Kwa hiyo bado nina hasira, tena sana. Lakini leo asubuhi nimeatika mbegu za nyanya.

Wakikuita urudi kwenye meza yako, usikimbilie. Kila siku ambayo wewe hupo, hawana wa kuwabishia watu hodi.

Suala la kusamehe, nilisema tutaongea. Njoo tuongee. Mwombe Babu Faili zile buti za mpira, ukingo haukanyagiki na jembe bado silishiki vizuri.

Na usitume taarifa. Ingia tu.

Mama yako