Vitu Vilivyokosa Mnunuzi

Kwako kaka yangu,

Shikamoo. Natumai gari la mahitaji limefika huko kambini salama, na barua hii haikulowa njiani wala kufungiwa vitunguu. Unaendeleaje na afya? Lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza? Sisi huku wazima. Goti la mama limetulia, ingawa sauti yake haijatulia hata kidogo, na kila asubuhi anauliza kama huko kambini mnalala kwenye vitanda vya maana. Mimi pia ni mzima, ila vidole vimejaa michubuko ya kiwembe kama kawaida yangu.

Najua utashangaa kupata bahasha nene namna hii. Ningeweza kungoja siku mnayopelekwa kilimani penye mtandao kupiga simu, lakini siku hiyo mama hukaa ubavuni pangu, spika imewashwa, na haya ninayotaka kukwambia hayasemeki mbele yake. Kwa hiyo tafuta pa kukaa, usome taratibu, usiruke kurasa kama ulivyozoea. Nakuomba sana uisome yote kabla hujapanda huko kilimani.

Habari zinaanza na mvua. Safari hii imetupiga bila huruma, na bati la chumba cha mbele, chumba cha baba, likapasuka. Tuliamka tukakuta maji yanatiririka juu ya redio za mbao. Sikuhitaji kukumbushwa agizo lako. Siku tuliyomzika baba ulisimama kwenye mlango wa chumba kile ukasema mtu asiguse kitu mpaka utakaporudi, na kweli hatukugusa. Nilikuwa nafuta vumbi tu na kurudisha kila kitu palepale nilipokikuta.

Unajua mwenyewe kwamba marehemu baba alikuwa dalali mwenye ugonjwa wa ajabu: alijua kuuza vyombo vya watu, hakujua kuviacha. Mnada ukiisha, kile kilichokosa mnunuzi alikichukua badala ya sehemu ya ujira wake, akaja nacho begani akisema kitu kilichokosa mnunuzi ni yatima. Ndivyo tulivyokua na ndugu wengi wasiokula: saa za ukutani, pasi za mkaa, cherehani ya mkono, simu ya kuzungusha, gramafoni isiyo na sahani ya santuri. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mume, aliolewa na mnada. Wewe ulivipenda vitu vile tangu hujajua kufunga viatu. Mimi nilipenda kilichobaki baba alipomaliza kazi, yale mabango ya njano yenye herufi kubwa nyeusi. Tarehe ya mnada ikishapita hakuna anayeyataka, na kwangu ndipo kazi yake ilipoanza, kukatwa maumbo. Ni wewe uliyenipa jina la Mkasi kwa sababu hiyo, na hadi leo hata kiwandani hakuna anayenijua kwa jina jingine.

Fundi wa mabati alisema hapandi mpaka chumba kiwe kitupu. Jirani yetu seremala akatuazima stoo yake, akaongeza sharti lake: ukuta umelowa, vitu vya mbao visirudi mpaka ukauke kabisa. Mimi nikaingiwa na hofu ya kusahau mahali pa kila kitu, maana nilijua ukirudi utaona hata kikombe kilichosogea upana wa kidole. Nikabuni mpango. Kila kitu nilichokitoa nilikipima kwa uzi, kimo na upana, kisha nikakitengenezea mwenzake wa karatasi, nikampanga rafuni bati lilipokwisha kubadilishwa, akishikie nafasi.

Kaka, sijawahi kufurahia kazi kama hiyo. Kiwandani mashine inakata kingo za madaftari kutwa nzima, mimi nasukuma tu. Hapa nilikuwa na mkasi, kiwembe, lundo la mabango ya baba, na gundi ya unga wa ngano ambayo mama alilalamika kwamba inakula kuliko wageni. Pasi ya mkaa niliitoboa matundu yake moja moja. Saa ile kubwa mishale yake niliikata kutoka kwenye herufi M ya neno MNADA. Gramafoni ndiyo iliyonitoa jasho, kwa kuwa mdomo wake unafunguka mpana na karatasi ngumu haitaki kupinda. Niliiharibu mara kadhaa, nikaitukana, nikaiomba radhi, mwishowe ikakubali kwa mikunjo midogo midogo. Nilikuwa nikitoka kazini narudi mbio kama ninayesubiriwa na mchumba.

Mama alikuja kunicheka. Aliinua cherehani kwa kidole kimoja, akasema hatimaye amepata cherehani inayomtii. Kisha akakaa. Nilipomwona amekaa ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumwona akikaa katika chumba kile. Huingia, hufuta, hutoka. Na kwa vile lile kabati la redio lilikuwa kwa seremala, dirisha la barabarani lilikuwa wazi, dirisha ambalo mimi na wewe tulikua tukidhani ni ukuta. Akalifungua. Tangu siku hiyo mchele anauchambulia pale, anasalimiana na kila apitaye, anajua nani kashona nguo mpya na nani hasemi na nani. Baada ya muda akahamishia humo godoro lake. Chumba chake cha nyuma unakijua, dirisha lake linatazama matofali ya jirani tangu alipoolewa.

Ukuta ulikauka. Nikaazima mkokoteni, nikamwambia mama kwamba kesho tunavirudisha vitu vya baba. Alisimama, akaanza kukunja godoro lake, polepole, akilainisha kila kona. Mama yetu huyu, ambaye akikosa chumvi jikoni hupiga kelele hadi mtaa wa pili, alikuwa anakunja godoro bila neno. Niliogopa kuliko siku ya mvua.

Ilinibidi nimbembeleze sana ndipo akasema. Alisema miaka yote ile hakuishi na vitu vya baba, aliishi na vitu vya watu. Baba alikuwa akisikia hadithi ndani ya kila chombo, naye alimpenda kwa hilo, lakini yeye alikuwa anawaona wenye vyombo, sokoni, kwenye foleni ya maji, na alikuwa anaona haya. Unamkumbuka yule mkunga aliyekuwa akija kumtazama mama, tuliyempachika jina la Madaha kwa sababu alikataa kiti kizuri na kuchagua kila mara kile kinachotazama mlango? Mama aliniambia kwamba saa ile kubwa ilikuwa ya kwao mkunga yule. Baba yake alipofariki ndugu walitawanyika, vyombo vikanadiwa, na saa ikakosa mnunuzi kwa kuwa ina kigugumizi kabla ya kugonga. Mkunga alikuwa anaipa mgongo. Ikigonga, alinyamaza katikati ya maneno, akasubiri iishe, kisha akaendelea. Mama aliliona hilo kila alipokuja, na kila alipomwambia baba amrudishie, baba alijibu kwamba yatima hafukuzwi. Baba naye alipoondoka, ukasimama wewe mlangoni na agizo lako.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Alisema siku ile ya mazishi hukulia wala hukuzungumza na mtu, na maneno pekee yaliyokutoka yalikuwa hayo ya chumba. Aliogopa kwamba akiyapinga utasema hakumpenda baba yako.

Sasa jikaze kisabuni, kaka. Vitu havipo.

Saa ilikuwa ya kwanza. Tuliipeleka kwa mkokoteni, mama akiishikilia kama mgonjwa. Mkunga amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Alipoiona hakutusalimu wala hakushukuru. Aliuliza tu ufunguo wake uko wapi. Mama akapiga yowe, ufunguo tulikuwa tumeusahau nyumbani. Nilirudi mbio, na nilipofika nao niliwakuta wamekaa sakafuni wote wawili, saa katikati yao, wanalia na kuchekana. Cherehani imekwenda kwa binti wa fundi nguo, naye ameshaitumia kushona pazia. Si wote waliofurahi. Mzee mwenye gramafoni alikataa katakata, akasema chombo kile ndicho kilichomkimbiza mke wa kwanza na huyu wa pili anapenda usingizi. Aliomba ya karatasi badala yake, kwa kuwa haipigi kelele. Ile yenyewe, pamoja na vile ambavyo wenyewe hawakupatikana, iko kwa seremala. Kengele ya mnada, ile aliyoigonga baba kuita wanunuzi, mama hakuitoa. Alisema hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ya baba mwenyewe, na sasa ni yako.

Utauliza kwa ruhusa ya nani. Kwa ruhusa yako, kaka.

Njia ya mwongo ni fupi, basi acha niseme mwenyewe kabla haijaisha. Mama alipomaliza kunieleza yale yote alisema tusikusumbue, twende tukalete vitu, akaendelea kukunja godoro. Hapo nikamwambia kwamba nimeshazungumza nawe. Nilisema ulinipigia kiwandani mchana, ghafla, ukauliza habari za chumba, nikakueleza jinsi anavyokaa dirishani, nawe ukakubali. Sikupanga kusema hivyo. Nilitaka tu aliache lile godoro. Mama akataka nimwambie ulisema nini hasa, neno kwa neno, nami nikabuni: kwamba chumba ni cha mama, kwamba vitu viende kwa wenyewe, na kwamba siku ya mazishi ulikuwa mjinga kwa huzuni. Hilo la mjinga unisamehe, nilinogewa. Mama alikaa juu ya godoro lililokunjwa nusu, akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa muda mrefu. Asubuhi alikuwa amevaa viatu vya kutokea, anauliza mkokoteni uko wapi.

Sasa mtaa mzima unajua. Muuza mboga ameambiwa, fundi wa mabati ameambiwa, hata wasiouliza wameambiwa, kwamba mwanawe ameujua moyo wa mama yake akiwa mbali hivyo, bila kuelezwa mara mbili. Nimekalia kuti kavu, nawe ndiye uliye chini ya mti.

Sikuombi usikasirike. Ulimpoteza baba, ulitaka kitu cha kushika, na mimi nimekitoa mkononi mwako bila kukuuliza. Kwa hilo nimekukosea na ninaumia. Hata mimi, saa ilipotoka mlangoni, nilihisi baba anatoka mara ya pili. Niandikie matusi yote unayoyajua, nitayasoma mpaka mwisho. Ila ukimwambia mama kwenye simu kwamba hukusema neno lolote, namjua, hatakulaumu. Atavaa viatu vile vile, aende nyumba kwa nyumba kuviomba vitu virudi, aanzie kwa mkunga, kisha arudi chumba cha nyuma na godoro lake, na hatutamsikia akilalamika kamwe.

Kuna jambo moja limenishinda. Jana alikuwa anachambua mchele, akaniuliza kama anayeuliza bei ya nyanya, eti mwanangu alikubali kwa moyo mweupe au shingo upande? Kaka, nilikuwa nimeshakubunia maneno, nimekubunia kicheko, nimekubunia hata kikohozi. Hilo sikuweza kulibuni. Nilimwambia utamjibu mwenyewe siku utakayopiga. Alisema sawa, atasubiri, na tangu hapo hataki simu iwekwe mbali naye.

Mama anakusalimu sana. Yuko hapa dirishani, anadhani nakuandikia habari za mabati, na anasema uambiwe kwamba ni mazuri. Seremala pia anakusalimu, anasema gramafoni yako iko salama na wateja wameizoea. Nisalimie wenzako wote wa kambini, na ujitunze kazini, maana tunaye kaka mmoja tu. Naishia hapa kwa sababu gari linaondoka, si kwa sababu maneno yameisha.

Ni mimi mdogo wako, mwongo wako,

Mkasi