Nazi Mbili za Kupeleka Athens

Jumatatu, 2 Juni
Nimesahihisha karatasi hadi macho yanauma. Miaka kumi na moja nafundisha historia ya Ugiriki na kuchora nguzo za Akropoli ubaoni kwa chaki. Sasa binamu yangu wa Dar amenipatia safari ya bei rahisi. Siku nne Athens, hoteli ndani. Nina haja moja tu: kupanda kile kilima chenye nguzo zenyewe. Mama anasema siwezi kuondoka bila kuaga watu. Nimekubali. Kosa langu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeaga Kikwajuni, nimeaga Jang'ombe. Kila nyumba, "Ngoja basi." Halwa, visheti, udi. Bi. Mwanahija ndiye kavuka mpaka: papa mkavu na nazi mbili, za kaka yake Makame, baharia aliyebaki huko miaka ishirini. Nikamuuliza anwani. "Bandarini. Ulizia Makame." Bandari ya watu malaki! Nimetoa viatu na magauni mawili ili nazi zienee. Nina hasira na sanduku, na mama, na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefika. Jua kali kama letu, ila kavu, na anga haina hata wingu. Kilima nakiona dirishani! Nimekitazama nikacheka peke yangu. Nguo zote zanuka papa.
Nikaenda kwanza kwa Salha, jamaa yao wa Kikwajuni anayeishi hapa, nimpe halwa na visheti vyake nirudi. Wapi. Kapika pilau, kaita majirani, kanikalisha mpaka magharibi. Nimevuka bahari kuja kula pilau.

Jumapili, 8 Juni
Bandarini tangu asubuhi. Nimeuliza kwa Kiingereza, nimeuliza kwa mikono. Saa saba nikampata Msomali muuza saa anayemjua Makame. Yuko zamu melini, atarudi kesho. Nilitaka kumwachia yule Msomali mzigo. Nikamkumbuka Bi. Mwanahija alivyozifunga zile nazi kwa kanga yake mwenyewe. Nimerudi nao. Miguu imevimba, kilima sijakipanda.

Jumatatu, 9 Juni
Siku ya mwisho. Nilipanga saa tano niwe nishamaliza, saa sita niwe juu.
Yule Msomali kanipeleka kwa Mzee Makame: chumba kimoja, ghorofa ya nne, ngazi tupu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akakiona kile kifurushi cha kanga. Akakaa kitandani.
Nikamwambia nnakwenda kupanda kilima, lango hufungwa jioni.
"Huondoki hujala, mwanangu. Kile kilima kipo, hakendi pahala."
Akavuta mbuzi ya kukunia nazi chini ya kitanda. Kaja nayo kutoka Unguja. Bega lake bovu, hawezi kukuna. Basi nimekuna mimi. Mwalimu wa historia, mchana wa Athens, juu ya mbuzi, nakuna nazi! Nilikuna kwa ghadhabu, nusura nijikate kidole. Papa akarowekwa, akachemshwa, akaungwa taratibu kabisa. Mzee akauliza habari za dada yake, kisha akauliza tena zile zile. Akala yote. Akafuta sahani kwa kidole.
Nimekimbia. Nimefika langoni mlinzi anatia kufuli. Nikamsihi. Akanionyesha saa yake. Nimeshika vyuma vya lango nikalia, mwanamke mzima, watalii wananitazama. Mikono ilikuwa bado yanuka nazi. Ndege ni alfajiri.

Ijumaa, 13 Juni
Hapa nyumbani hakuna aliyeuliza kilima. Kila mtu ataka kujua mzigo wake ulifika.
Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda Jang'ombe kumrejeshea Bi. Mwanahija kanga yake. Hata chai hakunipa kwanza.
"Kala?"
"Kala."
"Nani kakuna nazi?"
"Mimi."
Akanishika mkono, akautazama, hakuuachia. Akataka nimhadithie upya, tangu ngazi. Nikamhadithia. Mara ya tatu nikajikuta nakumbuka kila kitu cha kile chumba: sufuria yenye mpini mmoja, shati lililoanikwa dirishani, mzee alivyofuta sahani. Hasira yangu bado ipo, lakini sikumwonyesha.
Shule ikifunguliwa nitachora nguzo zile zile. Safari hii nitachora na lango mbele yake, maana hilo nimeliona.