Damu Iliyozidi

Jumatatu, 7 Machi 1955

Kichwa kizito tangu alfajiri, kama jana. Uji, kisha vidonge viwili vya madini ya chuma. Nilivinunua mwenyewe Ruiru baada ya kusoma kitabu changu cha tiba: kizunguzungu, uchovu, basi damu imepungua. Dada yangu Njeri anaongeza maini. Nakula kama fahali wa maonyesho, nafuu sipati. Nikioga maji ya moto, mwili wote unawasha kama nimelalia upupu.

Hedimani Kariuki, mkuu wa kijiji hiki tulichofungiwa, alinisimamisha langoni, akaninusa. "Macho mekundu hivi, mzee wa Njoro. Pombe ya muratina iko wapi?" Juzi alikuwa hajui kusoma. Leo ana kofia na ananusa watu wazima.

Ijumaa, 11 Machi

Nilipewa pasi ya kutoka kijijini kwenda Thika, mwisho saa tisa. Daktari alitazama viganja, akabonyeza wengu. Akauliza tumbaku. Sivuti. Akaizungusha damu yangu katika kijichupa chembamba mpaka ikajitenga. Kwa kawaida chembe nyekundu hufika karibu nusu. Zangu zilikaribia robo tatu.

"Nani alikwambia damu imepungua?"

Nilisema kitabu. Akacheka. Ningemdharau, ila alikuwa na haki.

Uboho wa mifupa yangu unatengeneza chembe na haujui kuacha. Damu inakuwa nzito, na maji ya moto huifanya ngozi iwashe. Nzito hukwama, na ikikwama kichwani ni kiharusi. Dawa ni kutolewa damu chupa moja kila Ijumaa mpaka ipungue. Saa za pasi zilikuwa zimekwisha. Nianze wiki ijayo.

Jumamosi, 12 Machi

Njeri anasema damu nyingi ni baraka, wenzangu wanaililia. Ameeneza habari. Kijiji kizima cha Gitothua kinanipongeza. Wajinga.

Jumatatu, 14 Machi

Niliomba pasi. Kariuki aliwageukia askari wake kwanza, ili wasikie vizuri. "Pasi ni za wagonjwa. Mwenye damu nyingi anaumwa nini? Nenda ukalime, mzee." Walicheka.

Njoro nilishika funguo za ghala la shamba la mzungu miaka thelathini. Asubuhi za kule, ukungu ukipanda kutoka kwenye maua ya pareto, hata farasi walinijua. Kisha Hali ya Hatari, lori la askari lililotuleta hapa, kitanda kimoja, sanduku la vitabu, na huyu. Bora nife kuliko kumbembeleza.

Jumatano, 16 Machi

Mkono wa kushoto ulikufa. Kikombe kikaanguka. Ulimi ulijaa kinywa, nikaita "Njeri" ikatoka sauti ya ndama. Ulirudi chai ilipochemka.

Nimeogopa. Naliandika hilo waziwazi.

Alhamisi, 17 Machi

Nilikwenda, nikavua kofia.

Kabla ya cheo, Kariuki alikuwa mtu wa reki katika mfereji wa kiwanda cha kahawa. Nimemtukana kwa kazi hiyo mara nyingi katika kurasa hizi. Leo nilimuuliza: kahawa mbivu ikizidi maji, mfereji unafanyaje?

"Unaziba, mzee. Mashine inakaa bure."

"Wewe hufanyaje?"

"Naitoa kwa reki. Debe hili, debe lile, mpaka maji yapate njia. Ukingoja, utapasua ukuta."

Nikamwambia mfereji ni mimi, na jana uliziba kidogo. Nikamwonyesha mkono. Akaushika, akaubonyeza kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta mahali palipokwama.

"Kwa nini hukusema hivyo Jumatatu?"

Akaandika pasi, taratibu, ncha ya ulimi nje. Nilihitaji kitabu, daktari na hofu. Yeye alielewa kabla sijamaliza.

Jumapili, 20 Machi

Chupa moja, juzi. Damu ilikuwa nyeusi, ikatoka kwa uvivu. Leo herufi hazichezi. Njeri amepika sukuma bila maini, amenuna. Vidonge nimevitupa chooni.

Baada ya kanisa Kariuki alipita mlangoni.

"Mfereji?"

"Unatiririka kidogo."

Aliacha pasi ya Ijumaa ijayo juu ya meza. Sikuwa nimeiomba. Bado ni mjinga mwenye kofia, na bado ananusa watu. Nilimpa kiti. Hakukaa.

Jioni nimeoga maji ya vuguvugu. Ngozi imewasha, si sana. Sabuni nimeishika kwa mkono wa kushoto.