Shambulio la Mwaka 1959

Jumanne, 4 Juni 2019

Hatia ya Ewart Geddes imefutwa. Kanisomea mwenyewe kwenye simu asubuhi, maneno ya barua ya wizara ya sheria, polepole, kama anasoma tanzia ya mtu asiyemjua. Kuanzia leo, kisheria, hajawahi kuhukumiwa. Ana miaka themanini na mbili. Alihukumiwa akiwa kijana, hapa hapa mjini Invercargill, kwa kulala na mwanamume aliyempenda naye akampenda.

Nikamuuliza anajisikiaje. Swali la kazini.

"Nusu," akasema.

Nusu ya pili ni Noel Tainsh. Walikamatwa pamoja. Noel alikuwa mwalimu, basi yeye akafungwa. Ewart akaachiwa chini ya uangalizi. Noel alifariki 1988, hatia bado iko juu ya jina lake. Ofisa wa wizara alimwambia Ewart: kama marehemu ana ndugu, ndugu ndiye aanze kumwombea afutiwe. Amebaki dada mmoja, Una. Yuko Bluff, kule bandarini.

"Nenda wewe," Ewart akasema. "Mimi ataniona tu afunge mlango."

"Waandishi wa habari ndio hufungiwa milango."

"Basi umezoea."

Alhamisi, 6 Juni

Bluff. Upepo wa kung'oa mlango wa gari. Una ana miaka sabini na minane, mgongo umenyooka. Kanikaribisha kwa chai na mikate ya jibini, ile ya kuviringisha, moto, siagi inachuruzika. Nikataja jina la Noel. Akaweka birika chini.

Hiyo sheria mpya ya kufuta hatia anaijua, kaisikia redioni. Ni ya watu waliopendana, akasema. Kaka yake hakumpenda mtu — alimshambulia.

"Alimshambulia nani?"

"Kijana wa Geddes. Gazeti liliandika, *shambulio la aibu*. Mama alilichoma, lakini nilikuwa nimeshalisoma. Sasa niombe afutiwe? Yule kijana nitamtazama vipi?"

Miaka sitini ameishi na neno moja la mahakama. Nikamweleza. Sheria ya wakati ule haikuuliza nani karidhia. Wanaume wawili wakigusana, jina la kosa lilikuwa hilo. Ewart naye alihukumiwa kwa hilo hilo: kumshambulia Noel. Siku hiyo hiyo, hakimu huyo huyo.

Akafikiri.

"Kwa hiyo walipigana?"

"Hapana, Una."

Akaanza kutoa vyombo, changu kikiwa bado na chai. "Nenda kabla mvua haijaanza, binti."

Nina miaka hamsini na nane. Nikaenda.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia Ewart.

Una akimwona mjini alikuwa anavuka barabara kumkwepa, Ewart akasema. Macho chini, kila mara. "Nilijua ananichukia. Kumbe alikuwa ananionea huruma."

Akacheka kidogo, halafu akaomba nimpigie baadaye.

Jumapili, 9 Juni

Mvua. Una hapokei simu. Ewart amepiga mara mbili kuuliza kama Una amepiga.

Jumatano, 12 Juni

Una kapiga mwenyewe. Hakunisalimu.

"Noel aliniandikia kutoka gerezani, akaomba nimfumie sweta. Akanipa vipimo. Kifua chembamba, mikono mifupi. Nikalia nikifuma — nilidhani wamemkondesha hivyo. Akatoka gerezani na unene wake. Sweta sikuliona mwilini mwake hata siku moja. Nikamwona hana shukrani."

"Lilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Vifungo vya mbao."

Nikakata, nikampigia Ewart. Sikumtajia rangi. Nikauliza tu kama Noel aliwahi kumpa nguo.

"Sweta la kijani," akasema. "Lilinikaa kama nimepimwa. Nililivaa mpaka viwiko vikaisha, nondo wakamaliza kilichobaki. Alisema kalinunua Dunedin. Noel hakujua kudanganya, vifungo vile haviuzwi popote."

Nikamwambia nani alilifuma.

Hapo alilia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikampigia Una tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Hasaini ombi kwa maneno yangu, akasema, wala kwa sweta. Anataka Ewart aje aseme kwa mdomo wake kwamba hakuumizwa.

"Akisema, utaomba?"

"Kwanza nimsikie."

Ewart anakubali. Kaniuliza avae tai au asivae. Kisha, sauti chini: "Nikimwambia sikuumizwa, atafurahi. Nikimwambia nilimpenda kaka yake, je?"

Nikamwambia avae tai.

Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa Una. Mimi nampeleka. Una amesema niingie, lakini kalamu ibaki kwenye gari.