Gari la Baba Kwenye Barabara ya Kulipia

Jumatatu, 3 Machi

Suruali kumi na saba za shule, na zipu zimeisha tena. Saa nne asubuhi meseji ikaingia. Gari limepita barabara ya kulipia kule Nairobi mara mbili, tarehe 20 Februari, kwenda na kurudi. Halijalipiwa. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa tarehe 14. Baada ya hapo ada inakuwa maradufu.

Nambari ya gari ni ya pikap ya Baba. Meseji zake huja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyemsajilia gari mtandaoni.

Matapeli. Baba yuko Muhoroni na pikap yake iko chini ya mabati nyuma ya nyumba. Aliendesha malori ya miwa miaka thelathini, sasa anaendesha mpaka kanisani na sokoni, basi. Nairobi atafuata nini? Nimefuta.

Lakini nambari wameitoa wapi?

Jumanne, 4 Machi

Sikutulia. Nimeshona mkono wa shati nje ndani. Nikaufumua, nikaushona vilevile tena.

Mchana nikaenda kwa Lilian mwenye saiba, duka la intaneti, pale nyuma ya soko la Kibuye. Akaniambia nisibonyeze kitu chochote kwenye meseji, tuingie wenyewe kwenye tovuti yao. Tukaingiza nambari. Deni lipo. Ni la kweli. Kuna na picha, lakini wamekata, inaonyesha kibao cha nambari peke yake.

Pesa si nyingi. Ningelipa leo nikasahau. Kinachonisumbua ni kulipia safari ambayo haikuwepo. Ukilipa umekubali. Lilian anasema kuna watu wanaonakili nambari za wenzao na kuzurura nazo. Kuna fomu ya kupinga, lakini lazima mwenye gari atie sahihi, na lazima ifike kabla ya tarehe 14.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Baba. Nikamuuliza kama gari limetoka Februari. Akasema, "Gari iko hapa." Akaanza kuniuliza bei ya nyanya Kisumu. Baba hajawahi kujali bei ya nyanya.

Nikampigia Ouma, ndugu yangu, yuko Usenge ananunua dagaa wa omena. Yeye ana jibu lake tayari: Baba anakodisha gari kwa watu na hataki tujue. Anasema liuzwe. Amekuwa akisema liuzwe tangu Baba alipogonga nguzo ya geti mwaka jana. Sipendi anavyolisema, kama mtu anayesubiri.

Ijumaa, 7 Machi

Meseji nyingine. Gari limepita tena. Jana.

Jana saa tano nilimpigia Mama. Alipokea baada ya muda mrefu. Kulikuwa na upepo mwingi na sauti yake ilikuwa juu. Alisema wako shambani, atanipigia. Hakunipigia.

Nimekaa na simu mkononi mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Nina hasira na mtu nisiyemjua. Au ninayemjua. Hilo ndilo linanila.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda Muhoroni na fomu. Pikap ilikuwa mahali pake, imeoshwa. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa, mpaka nikajiuliza Baba, na urefu wake ule, anaingizaje magoti.

Nimemwekea fomu mezani. Nikamweleza: kuna mtu ana nambari kama yako, tia sahihi hapa chini kwamba si gari lako. Akaichukua. Akaishika mbali, kisha karibu. Kisha akampa Mama, na Mama akaikunja.

"Baba, tarehe 14 iko karibu. Wataongeza faini."

"Mimi sijawahi kudanganya kwa karatasi," akasema.

"Hakuna anayekuambia udanganye."

"Basi acha karatasi. Nitaangalia."

Mama akainuka kwenda kutazama chai ambayo tulikuwa tumeshakunywa.

Nimerudi Kisumu bila sahihi. Sijui nilichoogopa kuuliza. Ningeweza kuuliza pale pale. Niliuliza kuhusu kuku.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeona.

Lilian aliniita mwenyewe. Picha za safari ya tarehe 6 zimewekwa, na safari hii hawakukata. Ni pikap ya Baba, na ile taa ya kushoto iliyobonyea alipogonga getini. Baba ameinua kidevu, kifua kinakaribia usukani, macho ameyakaza kama mtu anayetazama jua. Pembeni yake Mama, na kitambaa cha kanisani, ameinamia kioo, mkono ameunyoosha mbele, kidole kinaonyesha njia.

Lilian akasema, "Mama yako anamwonyesha njia." Alicheka kidogo. Kisha akaniangalia, akaacha.

Baba haoni. Mama ndiye macho yake. Kutoka Muhoroni mpaka Nairobi, na milima yote ile, na matrela yote yale.

Sijashona kitu. Nimefunga kibanda saa nane. Nimetembea mpaka ziwani, nikarudi, nikatembea tena. Ningeweza kuwazika wote wawili siku moja. Nimeandika hivyo ili nikome kuwaza hilo. Halikomi.

Jumatano, 12 Machi

Muhoroni tena. Baba alikuwa kwa jirani. Nikampa Mama simu aone picha. Akaitazama muda mrefu. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba kitambaa kilikaa vibaya.

Kisha akasema yote. Baba ana presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tangu Januari wanaenda kliniki ya macho Nairobi, kila wiki mbili, wanapima presha na kubadilisha dawa. Wanaondoka mapema sana ili warudi na mwangaza. Mama anamtajia barabara: trela, tuta, mtu na ng'ombe, taa nyekundu.

"Kwa nini hamkupanda basi?"

"Alisema akipanda basi amekubali."

"Na wewe ukakubali?"

"Nyathina," akaniita, mtoto wangu, "angeenda peke yake."

Kuhusu ada, wala hawakujua inalipwa. Foleni ya barabara ya chini iliwachosha mara za kwanza, Februari wakafuata magari yaliyokuwa yanapanda ile ya juu. Wakaingia mlango wa wale walio na kibandiko cha kulipia kwenye kioo. Taa ilikuwa ya kijani, gari la mbele likapita, ule mti wa kuzuia ukabaki juu. Mama akamwambia twende. Alidhani serikali imewajengea tu.

Nilicheka. Kisha nikalia. Mama hakufanya lolote kati ya hayo.

Baba alirudi akatukuta hivyo. Akauliza nani yuko na Mama. Nilikuwa nimesimama hatua tano mbele yake. Nikasema, "Ni mimi, Baba." Akasogeza kiti kwa mguu, akakipata, akaketi.

Hakujitetea. Alisema lori lilimlea, likatulea na sisi. Alisema barabara anaijua kwa mwili, kona zote, hata akifungwa kitambaa machoni. Nikamwambia watu wengine hawajui kwamba amefungwa kitambaa. Nilisema kwa sauti kali. Sijawahi kusema hivyo na Baba maishani.

 Akaomba ile fomu, akairarua mara mbili, taratibu. Akasema, "Lipa. Ni gari yangu."

Alhamisi, 13 Machi

Nimelipa zote, za Februari na za tarehe 6, siku moja kabla ya muda kuisha. Nimelipa kwenye tovuti, si kwa meseji. Risiti nimezipiga chapa kwa Lilian, nimeziweka kwenye faili pamoja na bima. Nilidhani nitapumua.

Badala yake nimempigia Ouma, kwa sababu kuficha kumetuletea haya. Alipiga kelele mpaka nikaweka simu mezani, kwenye vitambaa. Anakuja Jumapili kuchukua funguo.

Jumamosi, 15 Machi

Deni sifuri. Nimeangalia mara nne leo. Faini ndiyo kitu pekee katika mambo haya ambacho kilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Jumapili, 16 Machi

Ouma alifika na mnunuzi. Kwa nyumba ya Baba, siku ya Bwana, na mnunuzi kutoka Pap Onditi ambaye alikwenda moja kwa moja kukagua magurudumu. Niliona aibu.

Baba alisikia boneti ikifunguliwa. Akatoka. Akasimama mlangoni akiwa ameshika ubao wa mlango.

"Nani anafungua gari?"

Ouma akasema, "Baba, utaua mtu."

"Nimeuliza nani anafungua gari."

Mnunuzi akafunga boneti. Akaaga kwa adabu, akaenda kusubiri barabarani. Hakuwa mtu mbaya.

Ouma akaanza kulia. Sikutarajia. Mtu mkubwa, mabega yale, ananuka omena, analia kama mtoto. Akasema kila simu ikiita kutoka nyumbani anafikiri ndiyo hiyo. Anasema tangu siku ya nguzo hajalala vizuri. Kumbe ndicho alichokuwa akisubiri. Mwaka mzima nimemfikiria vibaya.

Baba akaenda kuelekea sauti. Akampata bega. Walisimama hivyo. Kisha Baba akatoa funguo mfukoni, na mimi nikajua atampa Ouma, na Ouma naye alijua, alishanyoosha mkono. Baba akauliza, "Achieng' yuko wapi?"

Akanipa mimi. Akasema haliuzwi, na yeye halishiki tena. "Wewe nilikufundisha kwenye njia za mashamba ya miwa. Huyu nilimfundisha, akaingia mtaroni."

Ouma akacheka huku machozi yanamtoka. Kuhusu mtaro ni kweli.

Mimi sikucheka. Sijawahi kuendesha mpaka Nairobi. Kliniki ni Alhamisi.

Jumanne, 18 Machi

Nimefungua akaunti ya ile barabara, nimeweka pesa mbele, nimeunganisha na nambari ya pikap. Kibandiko chenyewe bado, kinachukuliwa huko huko. Mpaka hapo tutatumia mlango wa kulipa kwa mkono. Lilian amenichorea kwenye karatasi: milango ya kushoto, milango ya kulia. Nimeisoma karatasi kama ya mtihani.

Pikap iko kwangu tangu Jumapili, nimeiendesha mpaka Ahero na kurudi. Klachi ni nzito.  Fundi mwenzangu amechukua kazi zangu za wiki hii, sare za watu arobaini na mbili, na mwenye shule ameshanipigia mara mbili.

Jumatano, 19 Machi

Niko Muhoroni. Mama amepika kuku kana kwamba tunasafiri kwenda ng'ambo. Baba anataka kujua kama nimepima upepo wa magurudumu. Nimepima. Anauliza la akiba. Nikatoka kwenda kupima la akiba.

Ijumaa, 21 Machi

Jana tulienda.

Nilipanda milima kwa gia ya pili na matrela yakinipulizia honi. Baba alikaa mbele, Mama katikati. Kwa saa moja Baba alikanyaga breki ambayo haikuwepo. Nilidhani kumfurahisha ni kumweleza mandhari, nikamwambia kuna chai kijani mpaka mbali, kuna ukungu.

"Chai najua iko," akasema. "Niambie magari."

Basi nikamwambia magari. Lori la magogo mbele, linavuta moshi. Basi linataka kupita. Akasema mwache apite, ana haraka ya kufa. Baada ya hapo ikawa rahisi.

Kwenye kibanda cha kulipia nilisimama mbali mno, mkono haukufika. Binti wa ndani akanisubiri bila kukasirika. Baba akataka alipe mwenyewe. Mama akampitishia noti, naye akaipitisha kwangu, mimi nikainyoosha. Binti akasema, "Safari njema, Mzee." Baba akainua mkono upande ule sauti ilikotoka.

Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki wanaweza kukishikilia, dawa ikitiwa kila siku, bila kukosa. Sasa ataenda kila miezi miwili. Baba akauliza swali moja tu: kama atawatambua watu kwa sura mwaka ujao. Daktari akasema hawezi kuahidi. Baba akamshukuru.

Tukaanza kurudi. Baada ya Londiani, barabara ilipoanza kushuka, nikasubiri aniambie gia. Hakusema kitu. Nikageuka. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo umefunguka kidogo.

Miaka yangu yote sijawahi kumwona Baba akilala ndani ya gari.

Mama akanigusa goti, akanong'ona nipunguze mwendo. Nikapunguza.