Udongo Uliofukizwa Udi

Dar es Salaam,
3 Juni 2024

Shikamoo Bibi Sikudhani, mke wangu wa Chang'ombe ya Dodoma,

Hujambo wewe na magoti yako? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo mgonjwa. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu husikii. Unaitikia "alhamdulillah" hata nikikwambia nimeibiwa.

Unakumbuka Idi nilichota udongo nyuma ya bafu, pale maji yako ya udhu yanapotuama, ukaniuliza kama chuo kimenifundisha kula udongo? Dawa nyingi za hospitali zilitoka kwa bakteria na kuvu wa udongoni. Hutengeneza sumu za kufukuzana wenyewe kwa wenyewe. Basi katika udongo wako nilimpata mmoja, Bibi! Nilimweka pamoja na vijidudu vya vidonda, vile sugu, vikafa vyote vilivyomkaribia. Nilicheza maabara nzima.

Wiki iliyopita umeme ukakatika, jenereta ikagoma, barafu ya friji ikayeyuka. Bakteria wangu amekufa. Mwalimu wangu, Dokta Yasinta, anasema nisipompata tena kabla ya Septemba, utafiti wangu umekwisha. Nichotee udongo wa palepale, umpe kondakta wa basi.

Mumeo,
Swalihu

Chang'ombe, Dodoma,
12 Juni 2024

Marahaba, mume wangu.

Sisi wazima, ila baridi na upepo vinatupasua midomo. Baba yako mdogo Abdulswamadu anakusalimu. Karakana yake ya Kizota ina kazi nyingi za mageti, kwangu anakuja kula tu.

Udongo huo hapo. Ulikuwa unanuka, wallahi, nikaona haya. Nikutumie uchafu wa bafuni, wasomi waseme mke wa Swalihu hajui usafi? Nimeuanika juani mpaka umekauka kau, nikauchekecha kwa chekeche la unga, halafu nikaufukiza udi uliobaki harusi ya ndugu yako Shamila. Jirani yangu Mwantum akachungulia, akauliza leo naolewa na nani. Nimekuombea dua. Ukimpata huyo mdudu, mwambie mwenye nyumba anamsalimu.

Na usile chipsi kila siku.

Mkeo na bibi yako,
Sikudhani

Dar es Salaam,
20 Juni 2024

Shikamoo Bibi, na Idi mubaraka kwenu nyote.

Mfuko nilipoufungua, maabara ilinukia kama chumba cha bi harusi. Dokta Yasinta alicheka hadi akavua miwani. Lakini Bibi, hakuna kilichoota tulichokitaka. Huyu wangu ni wa majimaji, jua na moshi vimemmaliza. Sikufichi, nilijifungia chooni nikalia.

Tafadhali, nitumie ule unaonuka. Mbichi, na tope lake. Usiusafishe hata kidogo. Kwa harufu yake hapa hakucheki mtu.

Mumeo anayekutegemea,
Swalihu

Chang'ombe, Dodoma,
29 Julai 2024

Marahaba, mume wangu. U mzima? Najua umeninunia kwa kimya changu.

Sikutaka uambiwe. Barua yako ilinikuta kitandani. Niliteleza palepale kwenye tope la udhu, nikaumia nyonga. Sasa natembelea mkongojo, usije mbio ukaacha masomo. Abdulswamadu aliingiwa na hofu, akamwaga zege ua mzima, toka mlangoni hadi nyuma ya bafu. Nilipomsomea barua yako akasema, "Kwani Dar hakuna udongo?"

Ijumaa alipokwenda kuswali nikamwita Mwantum na nyundo. Mimi nimekaa kwenye kigoda naelekeza, yeye anagonga. Majirani wakadhani tunachimba hazina aliyoifukia Mjerumani wa ukoloni! Chini ya zege udongo bado una unyevu, na harufu ni ileile, Mungu ashukuriwe. Nimempa kondakta, sijautia maji wala moshi. Abdulswamadu ameliona shimo, hasemi nami. Atasema njaa ikimuuma.

Mkeo,
Sikudhani

Dar es Salaam,
9 Septemba 2024

Shikamoo Bibi. Nyonga inaendeleaje?

Nimekaa kimya kwa aibu. Nilimpata, Bibi. Aliota, na vijidudu vya vidonda vikafa tena. Tukaichunguza dawa anayoitoa, tukailinganisha na zile zinazojulikana. Kumbe imo. Watu waliigundua kabla baba hajazaliwa, wakaiacha kwa sababu inaharibu figo.

Dokta Yasinta anasema kila mtafiti wa kazi hii hukutana na hayo. Anasema udongo ule una bakteria wengine wengi, ameniongezea muda nianze nao. Mimi nimechoka. Umevunja zege ukiwa na maumivu, ukakosana na mwanao, kwa ajili ya kitu kilichokwisha tupwa. Mwisho wa mwezi narudi nyumbani, nikamsaidie baba mdogo kuchomelea mageti.

Nisamehe.
Mjukuu wako,
Swalihu

Chang'ombe, Dodoma,
14 Septemba 2024

Marahaba. Leo sikuiti mume, nimekasirika.

Nyonga inapoa. Abdulswamadu tulishapatana siku nyingi, kwa ugali na mlenda. Kwa hiyo usinisingizie mimi uchovu wako.

Nani kakwambia nilivunja zege kwa ajili ya dawa? Dawa yako mimi naijua? Nilivunja kwa sababu uliomba, na uliniambia umelia. Ungeomba mlango wa mbele ningeung'oa.

Hao bakteria wengine wamo au hawamo? Kama wamo, unakuja Kizota kufanya nini? Kuchomelea hujui, utajiunguza macho bure. Kama ni hamu ya nyumbani, njoo, karibu, ule, ulale, urudi. Mimi nina hamu nawe mpaka nazungumza na picha yako ukutani.

Jana Abdulswamadu alikuja na ndoo ya zege kuziba lile shimo. Nimemkatalia. Ameweka ubao juu nisitumbukie, kaondoka anaguna. Nimemwambia mume wangu hajasema amemaliza.

Bibi yako,
Sikudhani