Picha ya Mutindi Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi 2025
Derrick ameshusha picha za kuchorwa za ofisi yao asubuhi – ishirini na mbili, zimefungwa blanketi kama wagonjwa. Kijana mpole wa Nairobi, ananiita mum. Miaka tisa natunza ukumbi huu wa Mbololo, sijawahi kuona maonyesho ya picha ndani yake. Harusi, ndiyo. Chanjo, ndiyo. Mikutano ya chifu, wacha tu.

Hakuna kiingilio. Anasema watu wa huku nao wana haki ya kuona sanaa bila kupanda gari hadi Nairobi. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Kisha akasema neno lililonikalisha chini: wakija watu mia moja kabla ya Jumamosi saa sita mchana, ofisi yao italeta hapa darasa la uchoraji, miezi mitatu, la watu wazima. Rangi juu yao. Wasipofika, darasa litaenda kwingine.

Watu wazima! Sikumwambia kwamba nyuma ya daftari la kukodisha viti nimechora kuku, milima na mguu wangu mwenyewe. Kwa biro ya bluu, maana ndiyo niliyonayo. Nalitaka hilo darasa mpaka naona haya.

Jumanne, 4 Machi
Wageni: mwalimu mmoja. Na mbuzi.

Watu wanafika mlangoni, wanachungulia, wanashusha sauti, wanaenda zao. Wanaume wanavua kofia. Kofia kwa nini?

Nilipobaki peke yangu niliisogelea ile picha kubwa ya mlangoni. Ni mama mzee wa Kishushe, Mutindi, amekaa, mikono mapajani. Derrick anasema mchoraji alikaa kwake wiki mbili. Shavuni amempaka zambarau! Ukikaribia ni zambarau tupu, ukirudi nyuma ni ngozi. Nimeenda na kurudi mara saba hivi. Nani alimfundisha kwamba ngozi yetu ina zambarau? Nimejitazama kwenye kioo nyumbani. Ipo.

Jumatano, 5 Machi
Wanne. Derrick hakugusa chakula.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejua!

Nilimshika Mkamburi, jirani yangu anayeuza nyanya, nikamuuliza kwa nini kila siku anaishia mlangoni. Akasema hakutaka kusumbua watu wenye huzuni. Halafu akaniuliza taratibu:

"Mama Shanice, mazishi ni lini?"

"Ya nani?"

"Ya huyo mama."

Nikatoka nje, nikatazama kama mpita njia. Picha ya mzee kwenye fremu. Chini yake meza, kitambaa cheupe, maua, kitabu na kalamu. Msiba mtupu! Na kitambaa ni changu. Maua nilichuma mimi, ili papendeze. Nikafungua kitabu cha wageni: "Poleni sana." "Mungu awafariji." Hata mwalimu!

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikaisha. Mkamburi ameshawaambia akina mama wa kanisa. Wanakuja Jumamosi kufariji, na kwaya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeondoa maua na kitambaa. Sikumwambia Derrick, wala sikumrudia Mkamburi kumsahihisha.

Kwa sababu nimewaza hivi: kanisa lile likija lote ni zaidi ya watu mia. Watakuwa wameingia, si ndiyo? Macho wanayo. Ni uongo gani hapo? Nimejiuliza siku nzima na jibu sijalipenda.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nimeegemea ukuta.

Walianza kufika saa tatu. Leso kiunoni, sukari, majani ya chai, masufuria. Derrick anahesabu, uso unang'aa. Wote wakaketi kuielekea picha ya Mutindi, wakaimba. Picha nyingine hakuna aliyezitupia jicho.

Saa tano pickup ya Kishushe ikasimama nje. Akashuka Mutindi mwenyewe, na mfuko wa maharagwe. Alisikia kuna msiba Mbololo wa mtu wa kwao, hakuambiwa ni nani, akaja kufariji.

Wimbo ulikatika katikati. Mkamburi alishika kiti.

Nikaona sina pa kujificha. Nimesema yote, mbele ya watu: maua, kitambaa, na kwamba tangu juzi nilijua nikanyamaza kwa ajili ya darasa. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Derrick hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema hawezi kuwaandika hawa, hawakuja kuona picha. Akakata hesabu yake yote kwa mstari mmoja, akachukua ngazi ili azishushe picha, akaanza na ya mlangoni.

Mutindi alikuwa ameshaifikia.

"Ngoja," akamwambia. "Sijamaliza kuangalia."

Derrick akabaki juu ya ngazi. Mama anaangalia mikono yake iliyochorwa, anaangalia aliyo nayo. Anasogea picha ya pili, ya watoto mtoni. Anauliza hawa ni wa nani, wako hai? Anageukia viti vyote.

"Mmekaa kufanya nini? Mimi sijafa. Njooni tuone."

Mkamburi ameinuka. Mstari wa mbele umeinuka. Viti vinakwaruza sakafu. Derrick ameteremka, amefungua ukurasa mpya, ananitazama.

"Mum, nianze upya?"

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Nimemwambia aanze. Moja, anasema, ndiye Mutindi. Mbili, Mkamburi. Lakini Mutindi amesimama pale pale kwenye picha ya pili, hana haraka hata kidogo, na nyuma yake foleni imefika uani.